Msamaha Bila Toba? Uhakiki wa Upatanisho wa Yona na Sara katika Bembea ya Maisha

Utangulizi

Mpenzi msomaji, miongoni mwa maudhui ambayo watahiniwa hudhani ni mepesi, maudhui ya msamaha yanaongoza. Mtahiniwa akiulizwa ayajadili, huandika: "Sara anamsamehe Yona", kisha hutaja Mangwasha na Mrima endapo swali linahusu riwaya, na kufunga hoja. Hoja kama hiyo hupata alama moja au mbili kisha ikafa hapo hapo. Haielezi nani alikosa, alifanya nini baada ya kukosa, aliyekosewa aligharimika vipi, wala uhusiano uliovunjika ulirudi katika hali gani.

Katika makala haya ninakusudia kuonyesha kuwa tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, iliyoanza kutahiniwa katika KCSE mwaka wa 2023, inatofautisha mambo mawili ambayo wengi wetu tunayachanganya: kusamehe na kupatana. Nitatumia pia mifano michache kutoka Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, na kwa kuwa wahusika wakuu wa tamthilia hii wamepewa majina ya Kibiblia, nitayapima majina hayo kwa mizani ya masimulizi yenyewe ya Biblia. Wanafunzi wengi tunaowafundisha hapa Isebania, na katika Migori na Homa Bay kwa jumla, wamelelewa makanisani. Masimulizi hayo wanayajua. Kazi iliyobaki ni kuwaonyesha namna ya kuyatumia kihakiki bila kuigeuza karatasi ya mtihani kuwa mahubiri.

Kusamehe na kupatana

Tuanze na ufafanuzi. Kusamehe ni tendo la upande mmoja. Aliyekosewa anaweza kumsamehe aliyemkosea hata kama mkosaji amehamia mbali, amekana kosa lake au amekwisha kufa. Kupatana ni tendo la pande mbili. Hakuna anayepatana peke yake. Ili watu wapatane, mkosaji lazima akiri, ageuke, na pale inapowezekana arejeshe alichoharibu. Aliyekosewa naye lazima awe huru kukubali au kukataa.

Wazee wa Kikuria wanalijua jambo hili bila ya kusoma vitabu vya uhakiki. Katika iritongo, yaani baraza la wazi la jamii, neno husemwa mbele ya watu na mkosaji husikilizwa mbele ya watu. Mwizi wa ng'ombe hawezi kuomba radhi asubuhi huku ng'ombe wa watu wangali wamefungwa zizini mwake. Kwanza ng'ombe warudi, kisha maneno.

Biblia nayo haiko mbali na busara hiyo. Katika Injili ya Luka sura ya 19, Zakayo mtoza ushuru anapokutana na Yesu hatosheki na kusikitika. Anaahidi kuwagawia maskini nusu ya mali yake na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Katika Mathayo sura ya 5, mtu aliyeleta sadaka akakumbuka kuwa nduguye ana neno juu yake anaambiwa aiache sadaka hapo hapo, akapatane na nduguye kwanza. Mpenzi msomaji, zingatia ni nani anayetakiwa kuinuka na kwenda: ni yule ambaye mwenzake ana neno juu yake. Wengi wetu huisoma aya hiyo kinyume, tukamsukuma aliyekosewa ndiye aende.

Yona: nabii au raia wa Ninawi?

Watahiniwa wanaoijadili mbinu ya majazi katika Bembea ya Maisha huishia kwa Neema, kwa sababu jina lake ni neno la kawaida lenye maana ya wazi. Twende mbali zaidi, tumtazame Yona.

Yona wa Biblia ni nabii aliyetumwa Ninawi akakimbilia kwingine, akamezwa na samaki, kisha akaenda alikotumwa shingo upande. Watu wa Ninawi walipotubu na kunusurika, Yona alikasirika. Yeye hakupenda wakosaji wasamehewe. Arege anampa jina hilo mhusika ambaye hali yake ni kinyume kabisa. Yona wa tamthilia hana haki ya kukasirikia rehema, kwani yeye ndiye anayeihitaji. Ni mume aliyeshindwa kuhimili masimango ya jamii juu ya ndoa iliyokawia kupata watoto, na watoto walipokuja wakawa mabinti watupu. Akazama katika ulevi na kumgeuzia Sara kipigo. Kwa matendo yake, huyu ni raia wa Ninawi aliyebeba jina la nabii. Hiki ni kinaya, na mtahiniwa anayekitambua ana hoja ambayo wenzake hawana.

Kuna jambo jingine. Katika masimulizi ya Ninawi, hukumu haikuondolewa kwa sababu watu walisema maneno mazuri. Iliondolewa walipoonekana wameiacha njia yao mbaya. Arege anafuata mkondo huo huo. Toba ya Yona inaonekana zaidi katika matendo kuliko katika kauli. Mume huyu anakubali kuingia jikoni na kumpikia mkewe mgonjwa, jambo ambalo katika jamii ya tamthilia ni kinyume cha mila na linazua mjadala miongoni mwa wanaume. Tusilipite tendo hili juu juu. Mwanamume aliyempiga mkewe kwa sababu aliogopa kuchekwa na jamii, sasa anafanya jambo ambalo jamii hiyo hiyo itamcheka kwalo. Kile alichokuwa akikilinda kwa ngumi, yaani heshima yake mbele ya wanaume wenzake, amekiweka chini kwa hiari. Hapo ndipo penye toba. Sufuria inasema zaidi ya samahani.

Sara na mzigo wa kuvumilia

Sara wa Biblia, mke wa Ibrahimu, alikaa muda mrefu bila mtoto hadi alipompata Isaka katika uzee wake. Sara wa Arege naye alikawia kupata watoto, akasimangwa. Lakini angalia pale mwandishi anapoachana na Biblia. Jamii ilimsubiri Isaka. Akaja Neema, wakafuata Asna na Salome. Mtoto wa kiume aliyetarajiwa hakuja kabisa, na tamthilia haimleti ili kuwaridhisha wasimangaji. Badala yake, mtoto wa kike aliyedharauliwa ndiye anayebeba gharama za matibabu ya mama yake mjini. Kwa Mkristo, neema ni kipawa asichostahili mpokeaji. Jamii iliyombeza binti haikustahili kuvuna matunda yake, wala Yona aliyeshindwa kuyafurahia mabinti yake hakustahili. Hata hivyo Neema anatoa. Majina haya matatu, Yona, Sara na Neema, yakisomwa pamoja yanatoa maana ambayo jina moja peke yake halitoi.

Sasa tufike kwenye hoja iliyonifanya nishike kalamu. Katika majibu mengi ya wanafunzi, sifa ya kwanza ya Sara ni "mvumilivu", na mfano unaotolewa ni kuwa alivumilia kipigo na ulevi wa mumewe hadi mume akabadilika. Sifa hiyo ina ushahidi katika matini, na mtahini ataikubali. Tatizo ni funzo linalofuatishwa: kwamba mwanamke mwema ni yule anayepigwa akanyamaza, kwa kuwa siku moja mume atatubu.

Mwalimu mwenzangu, darasani mbele yako yumo msichana ambaye mama yake alilala jikoni jana usiku akimwogopa baba. Yumo pia mvulana anayejifunza hivi sasa namna mume anavyopaswa kuwa. Ukiwaambia kuwa kipigo ni hatua ya kwanza ya hadithi njema, utakuwa umewafundisha jambo ambalo mwandishi hakuliandika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi dhidi ya Unyanyasaji wa Kinyumbani ya mwaka wa 2015, inayomwezesha anayeteswa kuomba mahakama imlinde. Anayekwenda kwa chifu, polisi au mahakamani hajakataa kusamehe. Anaweza kusamehe moyoni na bado akakataa kurudi katika nyumba ambamo mkono ungali umeinuliwa. Kusamehe ni mlango wake. Kupatana kunategemea pia aliye upande wa pili wa mlango.

Matini yenyewe inaunga mkono usomaji huu. Kama uvumilivu wa Sara ungekuwa dawa, Sara angekuwa mzima. Tunamkuta akiwa mgonjwa. Wahenga walinena kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Katika Bembea ya Maisha yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Yamekaa katika mwili wa Sara, na haiwezekani kuyaganga yajayo bila ya kuyatazama. Kwa hiyo ugonjwa wa Sara unaweza kujadiliwa kama ishara: msamaha umeshatolewa, mume amebadilika, watoto wamesimama, na bado mwili unadai deni. Arege hadanganyi kuwa samahani hufuta kila kitu.

Udhaifu wa upatanisho huu

Mhakiki hapaswi kusifu tu. Mengi ya maovu ya Yona tunayapata kwa masimulizi ya wahusika na kwa kumbukumbu zao. Hatuyaoni yakitendeka jukwaani. Mbinu hii inamwezesha mtunzi kuimulika familia inayojaribu kuponyeka, lakini ina gharama yake. Hadhira inaiona huruma ya Yona kwa macho na kusikia ukatili wake kwa masikio tu. Kinachoonekana huwa na nguvu kuliko kinachosimuliwa. Matokeo yake ni kwamba mtazamaji anaweza kumsamehe Yona haraka kuliko Sara alivyoweza, kwa kuwa mtazamaji hakupigwa.

Pili, lawama inagawanywa baina ya Yona na jamii. Ni kweli kuwa jamii ilimsukuma, na maudhui ya utamaduni dume hayawezi kuepukwa. Hata hivyo Sara naye alisimangwa na jamii hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi, na hakumpiga mtu. Mtahiniwa makini ataonyesha kuwa shinikizo la jamii linaeleza kosa la Yona, ila halimwondolei kosa.

Mlinganisho na kazi nyingine

Katika Nguu za Jadi, Mrima anazama katika ulevi na kuiacha familia yake, akamwachia Mangwasha mzigo wa watoto. Anaporudi, harudi kwa nguvu zake pekee. Mkono wa Lonare umo katika kurekebika kwake. Hapa tunapata mhusika wa tatu katika upatanisho, yaani mpatanishi. Barua ya Paulo kwa Filemoni ina muundo huo. Paulo anamwombea Onesimo kwa bwana wake, kisha anajitolea kulipa deni lolote ambalo Onesimo anadaiwa. Mpatanishi wa kweli huingia gharama. Mpatanishi asiyegharimika kwa lolote, aliyekuja tu kumwambia mke arudi nyumbani ili watu wasiseme, huyo ni mtunza siri. Viongozi wetu wa makanisa na wazee wa koo wana la kujifunza hapa.

Katika Kidagaa Kimemwozea, Amani amekosewa na ndugu wawili. Majisifu alimwibia mswada wake, na Mtemi Nasaba Bora alimtesa na kumdhulumu. Amani ana moyo wa kuwasamehe wote wawili, lakini mwisho wa ndugu hawa haufanani. Majisifu anafikia kuukiri wizi wake, na kwa kukiri anapata njia ya kurudi miongoni mwa watu. Mtemi anaishia kujinyonga. Msamaha wa Amani ulikuwapo, ila hapakuwa na mtu wa kupatana naye. Tofauti haikutoka kwa msamehevu, ilitoka kwa wakosaji. Huu ni ushahidi mzuri wa tofauti niliyoifafanua pale mwanzo.

Msomaji anayependa Agano la Kale atakumbuka pia Yusufu na nduguze. Yusufu hakujitambulisha kwao siku ya kwanza walipofika Misri kutafuta chakula. Aliwajaribu kwanza. Ni pale Yuda, aliyewahi kushauri auzwe, alipojitoa abaki mtumwa badala ya Benjamini, ndipo Yusufu alipolia na kujitambulisha. Alikuwa amekwisha kuona kuwa waliomuuza wamekuwa watu wengine. Kumpima aliyekukosea si ukosefu wa imani.

Kutoka matini hadi maisha

Fasihi ni kioo cha jamii, na kioo hiki kinatuonyesha sisi wenyewe. Ng'ambo ya mpaka wetu, huko Shirati katika mkoa wa Mara, Wamenoni walifungua misheni mwaka wa 1934. Mwaka wa 1942 kanisa hilo lilipitia uamsho ambao wamisionari wazungu na waumini Waafrika waliungama makosa mbele ya wenzao. Jambo lililokumbukwa sana baadaye na Zedekiah Kisare, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka wa 1967, lilikuwa kwamba mzungu na Mwafrika waliweza kuketi kama ndugu. Waliokuwa juu ilibidi wateremke. Pasipo kuteremka huko, samahani ya wakubwa ingebaki kuwa adabu tu.

Katika ngazi ya taifa, tunakumbuka ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lililochomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo. Mapatano ya viongozi yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma zilizopita, na akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Tazama kuwa hata katika hotuba ya serikali, neno la radhi liliambatanishwa na ahadi ya fidia. Na aliyeahidiwa fidia huendelea kuisubiri hata baada ya makofi ya bungeni kunyamaza. Viongozi wanaweza kupeana mikono siku moja; jirani aliyepoteza nyumba na jirani aliyeichoma huchukua miaka.

Hapa Isebania na Sirari, jamii moja imekatwa na mpaka wa nchi mbili, na koo zimewahi kugombana kwa sababu ya ardhi na mifugo. Mara nyingi wagombanao hukutana Jumamosi au Jumapili katika kanisa moja, wakaimba wimbo mmoja, kisha wakatoka kwa milango miwili. Mwanafunzi anayeliona hili anapoisoma tamthilia ya Arege ataelewa kwamba swali la Yona na Sara ni swali lake pia: nani ainuke kwanza, na aende na nini mkononi?

Ushauri kwa mtahiniwa

Unapojibu swali kuhusu msamaha au upatanisho, fuata hatua nne katika kila hoja. Taja kosa na aliyelitenda. Onyesha iwapo mkosaji alikiri au aligeuka, kwa ushahidi kutoka kwa matini. Eleza jinsi aliyekosewa alivyolipokea jambo hilo. Mwisho, tathmini hali ya uhusiano baada ya hapo. Ukitumia mlinganisho wa Biblia, uwe mfupi na ufuatwe mara moja na ushahidi wa kitabu kinachotahiniwa, kwa kuwa mtahini hutuza matini na hatuzi mahubiri. Usiandike "mwandishi anatufunza tusamehe" kama kwamba umemaliza. Sema anaonyesha msamaha wa aina gani, kwa gharama ya nani.

Hitimisho

Bembea haiendi mbele bila kwanza kurudi nyuma. Arege amechagua taswira inayofaa maudhui yake, kwani Yona hawezi kusonga mbele na Sara bila ya kurudi kwenye lile alilolitenda. Tumeona kuwa msamaha ni wa aliyekosewa kuutoa, na hakuna mwenye haki ya kumlazimisha autoe, awe mchungaji, mzee wa ukoo au mwalimu wa fasihi. Toba ni ya mkosaji, na hupimwa kwa kile alicho tayari kukipoteza. Upatanisho huzaliwa pale viwili hivi vinapokutana. Tukiwafundisha wanafunzi wetu hivyo watajibu mtihani vizuri zaidi, na huenda baadhi yao wakajua pia mahali pa kusimama watakaporudi nyumbani likizo ya Agosti.

Maswali ya marudio

1. "Yona anastahili kusamehewa." Jadili kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya Bembea ya Maisha. (Zingatia pande zote mbili: matendo ya toba na madhara yasiyofutika.)

2. Eleza jinsi mbinu ya majazi inavyochangia kuendeleza maudhui ya upatanisho katika tamthilia hii. (Usitosheke na Neema.)

3. Linganisha upatanisho wa Yona na Sara na ule wa Mrima na Mangwasha katika Nguu za Jadi. (Angazia nafasi ya mhusika wa tatu.)

4. Ugonjwa wa Sara una umuhimu gani katika kuijenga dhamira ya mwandishi? (Ujadili kama tukio, kisha kama ishara.)